Sindano Iliyopima Jiwe la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa anapima mawe kwa shavu. Wachimbaji wengi kule machimboni Tarime walifanya hivyo miaka ile ya dhahabu: alfajiri, jua halijagusa kitu, unaweka jiwe shavuni, na linalonyonya joto upesi ndilo unalopeleka kusagwa. Walisema jiwe hilo liko hai. Sijui nani aliwafundisha. Na siwezi kusema ni uongo mtupu, maana kuna waliopata.

Mama hakupenda. Baba alishakufa, shamba lilikuwa limeota nyasi, ng'ombe wa kulimia wananenepa bure.

"Mura, kijana wangu, umeoa jiwe?" alimwuliza. "Kila asubuhi unalibusu."

"Mke asiyekula ugali, mama. Wewe ungemkataa?"

Lakini siku hiyo aliahidi, mimi nikiwepo: akihakikishiwa kwamba jiwe la shimo lake ni bure, atarudi kulima.

Nyumbani kwetu Nkende alipanga chumba dada mmoja, mtafiti wa mawe wa chuo cha mbali. Alikubali kuondoka na kipande cha jiwe la shimo lile, akakipime chuoni. Mashine yao alitueleza, nami naandika nilivyoelewa, huenda nimekosea. Ni sindano yenye ncha nyembamba kuliko unywele, imepashwa moto. Wanaipitisha juu ya uso wa jiwe lililosuguliwa, na kila mahali inapofika wanapima joto lake limeporwa kiasi gani. Dhahabu hupora sana.

"Basi hilo ni shavu langu," mdogo wangu akasema.

"Ni shavu. Ila lako linapima jiwe zima kwa mara moja, na hata jiwe jeupe lisilo na kitu lina baridi."

"Na la kwako halihitaji kunyolewa."

Tulicheka, hata mama.

Mvua zilipoisha yule dada alirudi na picha: weusi, na madoa meupe pale sindano ilipopozwa. Mdogo wangu aliona meupe mengi akaanza kutabasamu. Yule dada akamwambia taratibu kwamba mengi ni yale madini ya njano yanayodanganya watu, na kwamba eneo lote la picha lingefunikwa na punje moja ya ulezi. Kwa picha hiyo hakuna awezaye kujua shimo lina nini.

"Binti yangu, sema tu," mama akasema. "Ni bure?"

Yule dada akaweka kidole kwenye picha. "Mama, siwezi kusema bure. Hivi vitone viwili nadhani ni dhahabu."

"Viwili," mdogo wangu akasema, polepole, kama anayerudia jina la mtu aliyekuwa akimtafuta.

Kesho yake alirudi shimoni.

Nimejaribu kumlaumu yule dada na nimeshindwa. Angetamka neno moja tu, shamba letu lingelimwa. Lakini lisingekuwa la kweli, na mimi sijui kama ningekuwa na moyo wa kulitamka. Mdogo wangu naye hakuvunja ahadi. Hakuambiwa ni bure.

Mama alisubiri msimu mmoja, kisha akampa jirani shamba alilime nusu kwa nusu. Ng'ombe nao wakahamia kwa jirani.

Shimo lile lilijaa maji, mdogo wangu akahamia lingine, na lingine. Alikuja nyumbani mara moja tu, kwenye msiba wa shangazi yetu. Mama alimwekea kiganja shavuni, akakiacha hapo muda, akasema amekonda. Kulipokucha alikuwa ameshaondoka.