Kiboko Chini ya Gurudumu

Nimekuja nyumbani kumchukulia baba blanketi, na kabatini nimekuta kiboko wa jiwe laini la Kisii, mgongo umelika. Bado ananuka mafuta ya taa.

Nilipokuwa mdogo, siku moja tulikuwa tukipanda mlima wa Manga katika gari kuukuu ambalo baba aliliwekea vitanda na stovu ya mafuta ya taa, ili tutembee na kulala humo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Katikati ya mlima matope yalitushinda, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Baba alivuta breki ya mkono, akaruka nje, akaliegemea kwa mgongo.

"Leteni jiwe!"

Mama alikuwa amemkumbatia mdogo wangu. Nilichokiona karibu ni yule kiboko tuliyemnunua asubuhi kando ya barabara. Nikamrushia baba kupitia dirisha la nyuma, naye akamsukumia chini ya gurudumu kwa kisigino. Maji mekundu ya matope yakaanza kuwa meupe.

Mwanamke aliyekuwa akichuma chai akapiga kelele. "Baba, hilo ni jiwe la kuchonga! Linasagika! Ngoja nilete lingine!"

"Msitikisike," baba akatuambia. Kisha akageuza shingo, akanitazama kupitia dirisha, akatabasamu.

Baba hakuwa mtu wa kutabasamu akiwa kwenye kazi ngumu. Hapo ndipo nilipojikojolea.

Yule mwanamke alirudi mbio na jiwe jeusi, akalikita chini ya gurudumu, gari likatulia.

Leo mchana, wodini, nilimuuliza baba anajisikiaje. Akageuza shingo, akanitabasamia vile vile.