Mpishi Aliyekataa Kusalimu Amri

Ko! Ko! Ko! Mwiko unagonga sufuria. Ni saa tatu asubuhi, na sauti inasikika nyumba nzima, lakini jikoni hakuna moto wala mtu.

Sauti inatoka kwenye kompyuta ya chumba cha mbele. Hapo ameketi mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, miguu juu ya kiti, hapepesi macho. Kazi yake ni kujaribu michezo ya kompyuta kabla haijauzwa: anaicheza, anaivuruga, anaandika kila kasoro ili mafundi waifute. Kwa miaka minne amekamata kasoro zaidi ya elfu mbili. Wenzake wamembandika jina: Bi Kasoro.

Wiki hii yumo katika mchezo wa wafalme wa kale, wa ngome, farasi na mikuki.

"Humu nimeona vituko," anasema huku akicheka. "Nimeona askofu akimfungisha ng'ombe ndoa. Nimeona jeshi zima limesimama katikati ya vita, linangoja bata avuke daraja. Yote niliyaandika, yakafutwa, sikulalamika."

Lakini kwa mpishi mmoja wa mchezo huu, amegoma.

Leo ameteka ngome kwa askari elfu tatu. Bendera imeshushwa, walinzi wametupa silaha, mfalme wa zamani amepiga magoti. Jikoni, mpishi mnene mwenye aproni anaendelea kugonga sufuria yake. Fundi aliyelichora jiko alilijengea kuta nene kupita kiasi, mchezo ukalihesabu kuwa ngome nyingine inayojitegemea. Kwa hiyo mpishi hajatekwa, na hana habari. Askari wakishikwa na njaa, wanalaza mikuki chini na kupanga foleni mlangoni. Wa mwisho ni mfalme mshindi, taji kichwani, bakuli mkononi.

Kwa kanuni ya kazi yao, kasoro hurudiwa mara tatu kabla ya kuandikwa. Hii ameirudia mara kumi na moja.

"Tatu ni za kazi," anasema. "Nane ni za mama."

Mama yake yuko nyuma yake, sinia la mchele mapajani. Alipika hospitalini miaka ishirini na miwili. Alipoletwa mkubwa mpya aliyetaka uji wa wagonjwa uongezwe maji, jiko zima lilinyamaza. Yeye alikataa, akatolewa nje na aproni yake kiunoni. Tangu auone mchezo huu, hakosi kusogeza kiti.

"Huyo mfalme na makelele yote yale, kumbe njaa tu!" anasema mama, kisha anamwelekea mpishi kwenye kioo. "Mpe ukoko, mwenzangu!"

Simu inalia. Ni msimamizi wa kazi.

"Dada, ile kasoro ya jiko uliyonisimulia mbona siioni kwenye orodha ya kufutwa? Iweke humo tuifute, mchezo unakamilishwa Ijumaa."

"Nimeshaiandika, kaka. Nimeandika pia isifutwe."

"Kwani wewe ni mjaribu au mtunzi?"

"Mimi ndiye niliyecheka. Huko kwenu nani amecheka mwezi huu?"

Sauti ya msimamizi inashuka. "Wakubwa hawataki ubishi. Na mkataba wako unaisha Ijumaa hiyohiyo. Njoo kesho ujieleze."

"Nitakuja na mpishi wangu."

Anakata simu. Mama ameacha kuchambua mchele.

"Mwanangu, usipoteze kazi kwa ajili ya katuni."

"Wewe ulipoteza yako kwa ajili ya uji."

Mama anaweka sinia chini. Kwenye kioo, mwiko unaendelea: ko! ko! ko!

Binti anageuza kiti na kumtazama usoni.

"Nakuahidi, mama. Kesho namkalisha yule mkubwa wao mwenyewe mbele ya kompyuta, alizingire hilo jiko kwa majeshi yake yote. Hamfuti mpishi wako mpaka kwanza apange foleni na bakuli lake."