Mwanamume Asiyeuliza

Nilipomaliza chuo kule Nchiru na kurudi nyumbani Kiambere, kando ya bwawa, bila kazi, nilimkuta dada yangu mkubwa amezama katika hadithi za mapenzi za kwenye simu. Alikuwa fundi wa kushona, na kati ya gauni moja na jingine alinisomea sura nzima kwa sauti, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani. Mwanamume wa hadithi hiyo ni jini anayeishi mtoni. Anamwona msichana mara moja tu, anamwekea alama shingoni, na tangu hapo msichana hawezi kula wala kulala mpaka amfuate. Chini ya kila sura wasomaji waliandika kwamba wao pia wanataka kuwekewa alama.

Nilimuuliza dada ni wapi msichana huyo alikubali. Niliichukua simu nikarudi nyuma sura baada ya sura, sikupaona.

"Mwili wake ulikubali," dada akasema. "Wewe hata ukipendwa utaomba ushahidi."

"Nitauomba, ndiyo."

Alicheka mpaka uzi ukakatika.

Kisha akaja mnunuzi wa samaki wa bwawani, mgeni, aliyesema kwao ni ng'ambo ya maji. Mara ya kwanza alisimama langoni adhuhuri, jua likiwa utosini, wala hakubisha hodi. Dada alikuwa ameinamia kitambaa, ameligeuzia lango mgongo. Aliacha kushona, akageuka kama mtu aliyeitwa. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Umelivaa lile gauni jipya la kijani," mwanamume akamwambia.

Gauni hilo dada alikuwa amelimaliza asubuhi hiyo, na hakuwa ametoka nje ya boma.

Nilitafuta sababu, ndivyo nilivyo. Soko zima lilimwona akinunua kitambaa. Lakini kadiri alivyozidi kututembelea ndivyo nilivyogundua jambo jingine: mtu huyu hakuuliza swali hata moja. Alisema tu. Umechoka. Una kiu. Utakaa karibu nami. Mama alipokohoa, alisema maumivu yapo kifuani upande wa kushoto, na kweli yalikuwa kushoto. Siku moja nilimwambia aniulize jina langu. Akatabasamu.

"Nalijua," akasema.

Dada alianza kukonda. Alikuwa akikatiza maneno katikati na kuangalia upande wa bwawa. Nilipomwambia amekuwa kama yule msichana wa kwenye simu, alijibu kwamba anajua, kwa furaha iliyonitia baridi.

Wazee wa ng'ambo wakaja naye kumposa dada, wakaleta pombe ya asali. Kwetu Mbeere pombe ya posa haiguswi kabla binti hajaulizwa. Baba humwita mbele ya wageni, humuuliza kama ainywe. Binti akikubali, hujaza pembe ya kunywea, huonja, humpa baba. Wengi hujibu swali likiwa bado linaulizwa. Siku zote niliona ni pambo la sherehe.

Baba alimwita "mama", kama kawaida yake, kwa kuwa dada alirithi jina la nyanya yetu.

"Mama, wageni hawa wameleta pombe. Niinywe?"

Dada alijaza pembe. Nilikuwa karibu naye, nikaona koo lake likicheza kana kwamba ameshaanza kumeza. Nyumba nzima ilinuka tope la bwawani, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Akamgeukia mwanamume.

"Baba ameniuliza. Na wewe niulize."

Shangazi alimnong'oneza aache mzaha.

"Utakunywa," mwanamume akasema kwa upole.

"Niulize tu, nikubali."

Mwanamume alifungua kinywa. Niliiona midomo yake ikianza neno, ikirudi, ikianza tena, jasho likimtoka. Alifanana na mtu anayetafuta neno katika lugha ambayo hakuwahi kufundishwa. Wazee wake walitazama sakafu.

"Utakunywa," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

Dada aliirudisha pombe ndani ya kibuyu taratibu.

"Baba, usiinywe."

Waliondoka na vibuyu vyao bila kugombana. Nilijiambia kwamba ni kiburi tu, kwamba kuna wanaume wengi wasioweza kumwomba mwanamke kitu mbele za watu. Maelezo hayo yalinitosha hadi jua lilipoanza kutua, dada aliponiita chumbani kwake na kunipa ufunguo. Alitaka nimfungie kwa nje.

"Lakini umeshamkataa," nikamwambia.

"Nimemkataa. Lakini bado namtaka."

"Una hakika unataka nifunge?"

"Nina hakika. Na nikikuomba ufungue, usifungue mpaka asubuhi."

Nikafunga. Nilikalia kigoda mlangoni, ufunguo mkononi. Giza lilikuwa bado halijaingia vizuri aliponiita kwa jina, kwa sauti tulivu kabisa, akaniambia nifungue. Hakuomba; alisema tu.