Namba Niliyompa Yustina

Siku ya kwanza niliporipoti ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, hospitalini Moshi, nilijiona kama mwanafunzi. Nilikuwa muuguzi wa siku nyingi wa wodi ya upasuaji. Mgongo ndio ulioniondoa kwenye kunyanyua wagonjwa. Matroni alinionyesha meza yangu, akasema, "Huku hutashika mtu, Mama Neema. Lakini ukiandika ovyo, madaktari watajifunza uongo."

Kazi yenyewe ilikuwa kupima uzito wa majeraha kwa namba. Nilisoma maelezo ya daktari baada ya upasuaji, kisha nikaliwekea kila jeraha namba, kuanzia moja hadi sita. Moja ni dogo tu. Sita ni lile ambalo tiba haina la kufanya. Nilipewa majeraha ya tumbo na nyonga, ambako hatari hujificha. Bandama, kiungo laini chini ya mbavu za kushoto, ikichanika juu juu ni mbili. Ikisambaratika ni tano. Na nje ngozi inaweza isiwe na hata alama.

Miaka ile serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara. Waliojiweza walinunua magari yaliyotumika ng'ambo, lakini barabara za mlimani zilibaki zilezile, mawe na utelezi. Majalada yakarundikana mezani. Kila wiki Daktari Mkuu wa Upasuaji alikaa na wenzake kulinganisha namba zangu na waliopona na waliofariki. Mtu wa namba ndogo akifa, alitaka kujua walichelewa wapi.

Masika moja, pikapu iliyobeba ndizi na akina mama wa sokoni ilipinduka ikiteremka kutoka Kibosho. Mdogo wangu Yustina alikuwa humo. Nilipopata habari, alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Nilitoa damu, nikakaa kwenye korido hadi walipomtoa. Hakuwa amezinduka.

Kesho yake jalada lake likafika mezani kwangu. Pete ya mifupa ya nyonga imeachana mbele na nyuma. Kibofu cha mkojo kimepasuka. Damu nyingi imepotea. Nilijua namba yake kabla sijamaliza kusoma. Nikalibeba hadi kwa Daktari Mkuu.

"Shikamoo, daktari. Hili ni la mdogo wangu."

"Marahaba. Mpe mwenzako aliandike."

"Yuko likizo, na kikao ni kesho."

Akavua miwani. "Unaogopa nini, mama?"

"Nikiandika tano, naona kama mimi ndiye ninayemhukumu."

"Hiyo tano imeshatokea barabarani. Wewe andika kilichoonekana. Wapo wa tano niliowaona wakitoka hapa kwa miguu yao."

"Wengi?"

 Akavaa miwani, akanirudishia jalada.

Niliandika tano. Kisha nikaenda wodini, nikasimama mlangoni nikitazama shuka lake kama linapanda na kushuka. Homa ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena. Kila muuguzi aliyekuja kwa haraka kuelekea ofisini kwetu alinifanya niweke kalamu chini, nikidhani ananifuata mimi. Siku Yustina alipofumbua macho na kunitambua, alinong'ona, "Dada, nitazaa?"

"Sijui, mdogo wangu," nikamwambia. Sikuwa na namba ya swali hilo.

Alitoka kwa magongo. Baadaye akatembea akichechemea, akaolewa Mwika, akajifungua binti kwa upasuaji. Siku hiyo pia nilikaa kwenye korido.

Nilistaafu nikiwa nimewafundisha wengi. Vijana wa sasa wanaandika kwa kompyuta, na wakija kunisalimu huniuliza kama mtu huzoea. Nawaambia mkono huzoea. Mimi nakaa Kibosho, karibu na barabara. Mvua ikinyesha na pikapu ikiteremka, naacha ninachofanya, nasikiliza mpaka imalize kona.