Somo la Majina Mbele ya Wakaguzi

Kitinda mimba wangu ni mwalimu, na humu ndani nitamwita mwalimu mpaka mwisho, wapende wasipende. Alifundisha Kiingereza darasa la nne, katika shule ya mtu binafsi iliyo mtaa wa nyuma yetu, miaka minne, kwa kujitolea. Kujitolea maana yake mmoja anajitolea na mwingine anafaidi. Mwenye shule, ambaye wote walimwita Mkurugenzi, kila akiulizwa habari ya ajira alisema, "Vuta subira, mwalimu." Tukavuta mpaka viganja vikaota sugu.

Mimi ni dobi. Nimefua nguo za watu tangu mume wangu yu hai, na mwanangu kakulia kati ya mabeseni. Dobi mwenye akili hatumbukizi nguo zote pamoja. Nyeupe peke yake, mashuka peke yake, na ile inayochuja rangi unaitenga kama mgonjwa. Mwanangu akasema majina ya Kiingereza nayo yanataka kutengwa hivyohivyo. Akachukua mabeseni yangu yaliyopasuka, akayapanga mbele ya darasa.

Beseni moja la majina ya mwenyewe mmoja tu, ya mtu au ya mji, yale yanayoanza na herufi kubwa. Humo watoto walitia vikaratasi vya majina yao. La pili vitu vya kawaida, kijiko, kiatu, chochote. Lingine ni la vitu vilivyo kundi lakini vinaitwa kwa jina moja, basi akatia picha ya timu ya mpira. La nne lilinichekesha: chumvi, mchanga, kikombe cha maji. Vitu ambavyo Mwingereza hakubali uvihesabu kimoja kimoja. La tano lilikaa tupu. Hilo ni la majina ya vitu visivyoshikika. Mtoto akilitaja jina, mwalimu analiandika ubaoni juu ya beseni, na alikuwa na sheria yake: neno la mtoto halifutwi mpaka kengele ilie. Hata likiwa la kipuuzi. Alisema mtoto akifutiwa neno mara moja, la pili halitoi.

Haya yote nayajua kwa sababu mazoezi aliyafanyia kwangu, huku nakamua mashuka.

"Mama, huzuni inaingia beseni gani?"

"Huzuni haiingii beseni. Inaingia mtu."

"Basi umepata! Ndilo hilo la tano!"

"Nimepata nini nami mgongo unaniuma? Shika ncha hiyo tukamue."

Siku moja Mkurugenzi akafika mwenyewe mpaka uani kwetu, akisogeza kanzu za watu kwenye kamba kwa kidole kimoja. "Mwalimu, wakaguzi wanakuja. Wataingia darasani kwako. Wakiridhika na somo, siku hiyohiyo natia saini barua yako ya ajira. Mama yako shahidi."

Shahidi nikawa.

Siku ilipofika nilimbebea mabeseni, nikakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, nachungulia ndani. Shule ilikuwa imepakwa chokaa hadi mawe ya njiani. Wageni wamewekewa maji ya chupa na sahani ya biskuti. Bomba la uani lilikuwa na kufuli. Mkurugenzi alilifunga kwa kuwa watoto, eti, wanachezea maji na bili inapanda.

Somo lilikwenda kama pasi ya moto kwenye pamba. Watoto wanainuka, wanatia vitu, wanapigiana makofi. Wakafika beseni la tano. Mmoja akataja furaha kwa Kiingereza, mwingine akataja upendo, majibu ya kufurahisha wageni. Halafu akanyoosha kidole kabinti kembamba ka dawati la mbele; muda wote macho yake yalikuwa yameganda kwenye kile kikombe cha maji. Akataja kiu.

Wenzake wakacheka. Mwalimu akaliandika.

Mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akamuuliza, "Una kiu, mwanangu? Mbona hunywi maji?"

"Bomba limefungwa, mama."

"Tangu lini?"

Darasa zima likaitikia kama kwaya: "Tangu muhula uliopita!"

Mkurugenzi, aliyekaa na wageni nyuma ya darasa, akacheka kicheko cha meno matupu. "Watoto hawa kwa utani! Mwalimu, futa hilo, tuendelee."

"Samahani, Mkurugenzi. Neno la mtoto darasani kwangu halifutwi mpaka kengele ilie."

"Nimesema futa."

"Nimesikia."

Mkurugenzi akainuka, akalifuta kwa kiganja chake, chaki ikamjaa mkono wa koti. Mwanangu akamsubiri arudi, akae vizuri. Kisha akaokota chaki, akaliandika tena, kubwa kuliko la kwanza. Mimi kule nje nikasema, "Mwanangu huyo!" na sikusema kwa kunong'ona.

Wakaguzi wakamsifu mwalimu, wakaandika yao, wakanywa soda ofisini, wakaondoka. Shule ikafaulu ukaguzi. Bomba likafunguliwa wiki moja, likarudishiwa kufuli lake. Barua haikutiwa saini.

"Umenivua nguo mbele ya wageni," Mkurugenzi alimwambia. "Niombe radhi kikao cha asubuhi, walimu wote wasikie. Barua yako iko mezani."

Shangazi yake akaja mbio. "Wifi, mwambie mtoto ashuke! Kwa neno moja? Kiburi kitampikia?"

"Na wewe unyonge wako umekupikia nini?" nikamjibu. "Mbona kila jioni uko kwangu na bakuli?"

Akaondoka, na mpaka leo akipita hapa anatazama upande wa pili.

Mwanangu nikamwambia usiende. Wewe hukumkosea mtu. Yeye alikuwa anakunja nguo za wateja, hakuinua uso.

"Mama, kiburi chako kina mabeseni ya kukiweka. Changu mimi hakina hata kiti."

Akaenda. Alisimama mbele ya walimu wenzake, hao waliokuja na chupa zao za maji kutoka nyumbani, akasema amekosa, akasema hatarudia. Mkurugenzi akamsikiliza mpaka neno la mwisho, bila kumkatiza, akamshukuru kwa adabu. Wale walimu wakapiga makofi. Makofi ya nini, hakuna aliyenieleza. Yalipotulia ndipo akasema nafasi kwa bahati mbaya imeshapata mtu, mpwa wake, anaanza wiki ijayo.

Alijua kabla hajamwita. Angeweza kumwambia mlangoni. Alitaka kwanza aisikie ile radhi, aimalize yote, ndipo amwambie. Watu wananiambia samehe, mama, umri umekwenda. Umri wangu umekwenda, kumbukumbu imebaki.

Sasa tunafua pamoja. Sabuni imeanza kumla vidole, na wateja wanasema pasi yake ni nzuri kuliko yangu, jambo ambalo ni uongo. Kiingereza hakitaji. Wazazi wawili watatu walikuja kumwomba awafundishe watoto jioni, akawaambia ana kazi.

Juzi mlinzi wa shule akaleta mzigo: mapazia ya ofisi ya Mkurugenzi. Nikamwambia, "Rudisha. Hapa tumejaa."

Mwanangu akaupokea mkononi mwake. "Acha, kaka. Uje kesho kutwa."

"Utafua mapazia ya yule?"

"Nguo ni nguo, mama."

Akayaloweka, akayasugua, akayaanika kwa kuyanyoosha ukingo mmoja mmoja, akayapiga pasi mpaka yakang'aa. Alifanya kazi safi, sina la kusema. Mimi sikugusa hata moja. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikayatazama mpaka mlinzi alipokuja kuyachukua.