Paa la Mwanarusi

Asubuhi hizi, ukipita njia ya Bodo, husikii tena nazi ikikunwa nyumbani kwa Mwanarusi. Nyumba yenyewe haipo.

Ilikuwa ya udongo na makuti, imejificha chini ya mikorosho iliyopandwa na babake, mzee Boga. Muhogo aliupanda kati ya minazi, kama mamake. Miti hakuigusa.

Mwaka juzi akaja Purity, afisa wa ardhi kutoka bara, na kompyuta yake. Barabara ingepita hapo, na fidia angepata yule tu ambaye nyumba yake inaonekana kwenye picha za setilaiti, ambazo serikali ilizinunua kwa kampuni moja ya ng'ambo.

"Hapa picha inaonyesha msitu, mama."

"Basi karibu ndani, unywe chai ya msitu."

Purity alicheka, akanywa, akaaga. Picha nyingine ingenunuliwa, alisema.

Kicheko kile kilimkaa Mwanarusi rohoni. Nani aliyechagua mahali pa kuonekana? Mbona nyumba ya jirani yake, Swabir, ilionekana? Akaitazama sana. Ilikuwa na mabati.

Basi akauza mbuzi wake, akaezua makuti, akaezeka mabati. Na ule mkorosho uliofunika paa akaukata.

"Sasa na wanione," akamwambia Swabir.

"Watakuona mpaka uchi, da Mwanarusi. Kile choo chako cha kuogea cha uani hakina paa."

Alimtukana huku akicheka. Lakini tangu siku hiyo akawa anaoga na mwavuli, na kila akitaka kusema jambo la siri hutupa jicho juu kwanza.

Picha mpya ilipofika, Purity alirudi, akamwonyesha zote mbili.

"Mama, umekata msitu ukajenga baada ya barabara kutangazwa. Hii nyumba ni mpya, haina fidia."

"Ni ileile! Nimebadilisha paa tu. Muulize Swabir."

"Watu hudanganya, mama. Picha haina ndugu."

"Wewe si ulikunywa chai humu ndani?"

Purity akafunga kompyuta. "Chai sikuiandika popote."

Kama alisahau au alifundishwa kusahau, hapa kijijini hakuna anayejua. Swabir alilipwa, na tangu hapo Mwanarusi hakuitika salamu yake. Tingatinga lilipokuja, lilianza na ukuta wa jikoni.

Sasa Mwanarusi anaishi Ukunda, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, pamoja na bintiye Fauzia.