Mafiga ya Bibi Yalipopoa

Harufu ya viazi vilivyofukiwa kwenye majivu ndiyo iliyokuwa saa yetu kule Isongole. Tuliishi wawili tu, mimi na mama yake mama yangu, Bibi Tusekile. Ukungu wa Juni uliposhuka alasiri, wanawake wa jirani walitoka shambani moja kwa moja hadi jikoni kwake. Kila mmoja aliingia na kiazi chake mkononi, akakifukia, akavuta kigoda na kunyoosha mikono motoni. Mtu aliondoka kiazi chake kilipoiva, na hakuna aliyekuwa na haraka kiive. Jiko lile halikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, macho ya Bibi yalichuruzika mwaka mzima, nami nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma. Sote tuliamini ni baridi. Kila nilipokohoa, nilisogezwa karibu zaidi na moto.

Nikiwa darasa la tatu nilipelekwa hospitali kwa bodaboda, nimebanwa katikati ya dereva na Bibi, pumzi zikikataa kushuka kifuani. Daktari alimweleza Bibi kwa upole kwamba kilichokuwa kikinimaliza ni moshi, wala si baridi. Kuni zikiendelea kuwaka mle ndani, alisema, mtoto atarudi hapa, na ipo siku mtachelewa kumleta. Njia nzima ya kurudi mkono wa Bibi haukutoka mgongoni kwangu.

Mjomba akatuletea mtungi wa gesi na jiko dogo. Alasiri hiyo hiyo Bibi akayamwagia mafiga maji mbele ya wenzake.

"Mnisamehe, jamani," akasema. "Nimeuzima moto kwa ajili ya kifua cha huyu mtoto."

Mama Lusajo, aliyekuwa mwenzake wa karibu kuliko wote, alikigeuzageuza kiazi chake mkononi. "Sasa viazi tutafukia wapi, mwenzangu?"

Bibi hakutaka kushindwa. Kesho yake akapanga vigoda kulizunguka jiko la gesi, akaliwasha bila sufuria, akafungulia hadi mwisho ili wageni waote. Wakaota kwa adabu, magoti yamebanana, kama watu waliokuja kutoa pole. Siku ya nne mtungi ukaisha, tukala viporo vya baridi hadi Mjomba alipotuma mwingine. Baada ya hapo jiko likawashwa kwa kupikia tu, na joto lote likaishia kwenye sufuria. Mama Lusajo aliendelea kuja siku mbili tatu, kisha naye akahamia kwenye moshi wa nyumba nyingine. Simlaumu sasa, ingawa wakati ule nilimchukia kwelikweli.

Kikohozi changu kilikoma kabla ya mvua za kupandia. Nilikimbia kwenda shule na kurudi, nikashangaa kumbe watu hukimbia bila kuumwa kifua. Macho ya Bibi yakakauka. Nyumba ikawa safi, na kimya. Alasiri alikaa na blanketi magotini, akigeuza kichwa kila aliposikia hatua njiani, na hatua zilipita. Niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfukuzia wenzake. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Leo naishi Dar es Salaam. Napanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kuhema, nawasha gesi, napika, nakula peke yangu. Nikijaliwa mtoto, sitamweka kwenye moshi ule hata siku moja. Hilo sina shaka nalo. Lakini mara nyingine nikivuka mtaa na kusikia harufu ya viazi vikichomwa, nasimama. Bibi bado yuko Isongole, na akipiga simu, huuliza hata kabla ya salamu, "Unapumua vizuri, Tumpe?" Namjibu, vizuri, Bibi. "Ndaga fijo," anasema, akimshukuru Mungu na mimi pamoja. Kisha tunaagana, kila mmoja na jiko lake lisilo na moshi, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumuuliza amekaa na nani.